Bisibisi Ndefu ya Mjomba Shija

Bariadi

Mjomba Shija,

Shikamoo. Mkono umeandika hivyo wenyewe. Barua zangu zote kwako zilianza na shikamoo, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyonikalisha hapa leo. Tutafika huko. Niache kwanza nikupe habari, maana najua hukuwa mtu wa kuvumilia utangulizi mrefu.

Naandikia mezani kwa mkeo. Mama Masalu ni mzima. Magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Masalu amepata mtoto wa pili, wa kike, na ana masikio yako, maskini ya Mungu. Yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda amezaa ndama jike, na wachuuzi wanaokuja kumwulizia wanarudi na matusi ya kutosha. Kaburi lako pale kando ya zizi ni safi. Nililipigia magoti asubuhi, nikachafua sketi niliyovaa kwa ajili ya wageni.

Halafu viti. Mjomba, nyumba yako ina viti vinne vya plastiki, vyekundu, vya kupangana kimoja juu ya kingine. Tangu biashara ilipofunguliwa vimejaa kila duka la Bariadi, vinashindana na mitumba na redio za betri. Nimekalia kimojawapo sasa hivi. Nilipokaa nilicheka peke yangu hadi Mama Masalu akaja kuangalia nina nini, na nilipomweleza na yeye akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. Unajua sababu yake.

Kiwanda cha pamba kimeuzwa. Najua ungeuliza hilo kabla ya kuuliza watu. Baada yako ushirika haukuweza tena kukiendesha. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao mpaka vijijini, pamba ikaenda kwao, na kiwanda chetu kikakaa kimya misimu miwili. Sasa kimepata mwenyewe na kinaunguruma tena. Bi Mkubwa, mashine yako namba tatu, wamemwekea beringi mpya za kutoka nje. Nilimsikiliza juzi. Zinasaga. Ulikuwa ukisema beringi za siku hizi zimetengenezwa na watu wasiolijua vumbi la pamba, nami nilidhani ni wivu wa mzee.

Ni wewe uliyenifundisha kusikiliza. Mama yangu alinileta kwako ili nisome sekondari hapa mjini, akidhani dada mtu anamkabidhi kaka yake mtoto wa kulea. Likizo ya kwanza tu ukanipeleka kwa Bi Mkubwa, ukaniambia nichuchumae kando yake. Ukaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini ukaubana sikioni kwangu. Nikasema nadhani imelegea. Ukanijibu maneno ambayo nimeyarudia mbele ya maprofesa: "Usiniambie unachodhani. Niambie unachosikia."

Nilikuwa kidato cha tatu lile robota la pamba lilipoporomoka kutoka juu ya lundo na kukuvunja nyonga. Tulijua umekwisha, angalau kama fundi. Ilikuwa bahati kwamba mwaka ule alikuja kwenye hospitali ya misheni daktari mgeni wa mifupa, mtu mrefu, mpole, na akakuwekea nyonga ya bandia. Ulirudi nyumbani na magongo ukiwa na furaha ya bwana harusi. Ulimweleza kila aliyekuja kukupa pole: mpini wa chuma umezamishwa kwenye mfupa wa paja, juu yake kuna gololi, na gololi inazunguka ndani ya kikombe cha plastiki nyeupe kilichogandishwa kiunoni. "Sasa na mimi nina beringi," ukasema, "na hii haihitaji grisi."

Daktari alikupa masharti. Usichuchumae. Usikalie kigoda. Chooni tengeneza kiti. Kaa kwenye kiti cha mtu mzima, miguu mbele, na ndani ya nyumba usiinamie moto. Ulinunua kiti, ni kweli. Kuku alikitagia. Daktari alirudi kila mwaka kuwaangalia wagonjwa wake, na kila mwaka alikuuliza kama unakaa kitini, nawe ukamjibu ndiyo, kitini. Mimi nilikuwa shuleni, kisha chuoni Dar, na barua zako zilisema hivyohivyo. Nilikuamini. Ningeanzaje kutokukuamini?

Nilipopata nafasi ya kusoma nchi ya baridi, profesa wangu aliniuliza nataka kuchunguza kitu gani. Nikasema nyonga. Alidhani nimesoma mahali. Sikuwa nimesoma popote, nilikuwa nakuona wewe ukipanda ngazi ya Bi Mkubwa, mguu mzima mbele, mwingine ukifuata.

Nilikueleza kazi yangu kwa barua lakini sijui kama nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimejaa majivuno. Nieleze tena. Unachukua picha ya mfupa na chuma chake, unaiingiza kwenye kompyuta, halafu unaikatakata vipande vidogo, kama Mama Masalu anavyokata viazi vya michembe kabla ya kuvianika. Vipande ni maelfu. Kila kipande kinabanwa na jirani zake. Ukiiambia kompyuta uzito wa mtu na jinsi anavyotembea, inapita kipande kwa kipande ikiuliza wewe umebanwa kiasi gani, na mwisho inakuchorea rangi. Buluu ni salama. Nyekundu ni pale patakapolika au kuvunjika. Wakati ule mashine yetu ilihitaji siku mbili nzima kumaliza hatua moja ya mguu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kubuni kikombe kibaya, kikafa humohumo ndani ya kompyuta, na hakuna mtu aliyeumia.

Nilianza na wewe. Nilikuwa na picha zako za eksirei, uzito wako, na habari ya mikao yako: anatembea, anapanda ngazi, anakaa kitini. Kompyuta ikasema kikombe cha Mjomba kitalika juu, taratibu, kitadumu miaka mingi. Nilifurahi sana siku ile.

Haikupita muda nyonga yako ikachomoka. Mliniandikia kwamba uliteleza kiwandani. Daktari alikufungua tena, akatoa kikombe cha zamani, akakuwekea kipya. Kile cha zamani alitaka kukitupa nawe ukakiomba. Kilinifikia ndani ya kopo la grisi lililosafishwa kwa petroli, kimezungushiwa pamba ya daraja la kwanza, na kipande cha karatasi: "Kiangalie." Basi. Fundi gani anamwandikia mpwa wake neno moja?

Nilikiangalia. Juu, pale kompyuta iliposema kitalika, kilikuwa karibu kizima. Lakini ukingoni, upande wa mbele, kulikuwa na pengo. Plastiki ilikuwa imepondeka na kumeguka. Sikuelewa. Nilirudia hesabu zangu zote. Nilibadili ugumu wa mfupa, nilibadili saruji inayogandisha kikombe, nilibadili uzito wako kana kwamba ulinenepa kwa siri. Karibu mwaka mzima rangi ziligoma, nyekundu ikabaki juu na pengo likabaki ukingoni. Profesa akaanza kuniambia kwa upole kwamba kuna mada nyingine. Kwa Kiswahili maana yake ni kwamba umeshindwa. Ndipo nilipokuandikia kukuuliza kama kuna jambo lolote hukuniambia.

Jibu lako ninalo hapa. Nimelisoma mpaka mikunjo imechanika. Umeandika: "Kabula, kikombe hakikulika kwa kuzunguka. Kimegongwa. Shingo ya chuma inagonga ukingo mtu akichuchumaa. Mimi nachuchumaa. Chooni, motoni, kwa Bi Mkubwa. Siku ile sikuteleza, nilikuwa nasikiliza. Daktari alivuka bahari kuja kunitengeneza. Akiniuliza kama nakaa kitini, macho yake yanaomba ndiyo. Ningemnyimaje?"

Leo naweza kuisoma barua hii nikatabasamu. Sisi ndivyo tulivyo. Mgeni aliyekutendea wema humrudishi kwao na neno la kumkatisha tamaa, unampa anachotaka kusikia na unamfunga kuku njiani. Adabu hiyo ulikuwa nayo mpaka kwenye mifupa, hata ule wa chuma. Lakini siku ilipofika sikutabasamu. Mjomba, niliwaka. Niliandika nikiwa nimesimama nusu. Nilikwambia umenipotezea mwaka. Nilikwambia fundi mzima anadanganya kuhusu mashine iliyo ndani ya mwili wake mwenyewe. Nilikwambia mtu wa namna hiyo hastahili kushika spana. Na sikuanza na shikamoo. Nilianza na jina lako, kama polisi.

Niliitia bahasha posta kabla hasira haijapoa, maana nilijijua: ikipoa nitaichana.

Wiki mbili baadaye niliifundisha kompyuta kuchuchumaa. Nilijipima mwenyewe mbele ya kioo cha maabara, nyonga, goti, kisigino, wenzangu wakapita wakidhani naumwa tumbo. Siku mbili za kusubiri. Nilipofungua picha, nyekundu ilikuwa imehama. Ilikuwa ukingoni, upande wa mbele, palepale penye pengo, kwa umbo lilelile. Nilikiweka kikombe chako kando ya kioo cha kompyuta nikavilinganisha, kisha nikachuchumaa chini ya meza nikalia.

Ningekuandikia siku hiyohiyo. Sikukuandikia. Nilinuna. Nilijiambia nitamwandikia kazi ikikamilika, nimwonyeshe kitu kizima, aone alivyonichelewesha. Miezi mitano, Mjomba. Nilikuwa na jibu lako mkononi, umenipatia wewe, nami nikakaa nalo kimya miezi mitano kwa kiburi tu. Hatimaye nikaandika barua ya kuomba msamaha, kurasa sita, shikamoo mwanzoni na shikamoo mwishoni. Siku tisa baada ya kuituma Masalu akapiga simu kutoka posta ya Bariadi. Homa ya siku nne, akasema, na tayari tumeshamzika.

Nilikuja miezi miwili baadaye. Mama Masalu alinirudishia ile bahasha ya pili ikiwa haijafunguliwa. Ilifika ukiwa umeshapumzika. Nilimwuliza kuhusu ile ya kwanza, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba ilipotea njiani. Haikupotea. Uliisoma mara mbili, akasema, ukaikunja, ukaitia mfukoni mwa ovaroli. Yeye alikasirika kwa niaba yako, akataka Masalu aniandikie kunigombeza. Ukamkataza. Alinirudishia maneno yako kama ulivyoyasema: "Mwacheni. Mtoto amekasirika kwa haki. Maneno hayatamrudisha, vipimo vitamrudisha."

Kesho yake akanipeleka kiwandani.

Nilidhani anataka nimwone Bi Mkubwa. Akanipitisha hadi ukuta wa nyuma, pale palipokuwa na rafu za vipuri. Rafu ulizihamisha. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa, ulikuwa umejaa watu. Umewachora kwa oili chafu, wa kimo chao halisi, upande kwa upande, kila mmoja ameegemeshwa ukutani na kuzungushiwa mstari. Kila mmoja ana alama nne nyeusi: kisigino, goti, nyonga, bega. Chini umeandika kazi yake. Anachambua pamba chafu. Anakamua. Yuko chooni, na huyu nashukuru umemchora amevaa. Ameketi kwenye kigoda anasonga ugali. Mwanamke amepiga magoti anamsalimia mkwe. Mwanaume yuko juu ya baiskeli na gunia nyuma. Mama Masalu alisema hukumwacha mtu apite. Aliyeleta pamba kwa fahali, aliyekuja kuulizia msimu unafungwa lini, hata katekista. Ulikuwa unawaomba wafanye wanavyofanya kwao, bila kuwauliza, ukiwaangalia tu. Umepima urefu wa kila mfupa kwa futi na kuuandika kando kwa mwandiko wako wa daftari la grisi.

Wa mwisho upande wa kushoto hakuwa amechuchumaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka kama mtoto aliyeadhibiwa. Chini yake umeandika: "Shija. Kitini. Safari hii ni kweli."

Mama Masalu akanieleza. Siku uliyoipata barua yangu uliomba kiti cha ofisini, ukakipeleka kwa Bi Mkubwa, na tangu siku hiyo hukuchuchumaa tena. Si chooni, si motoni. Ulitengeneza kile kiti cha choo daktari alichokuomba miaka yote. Ila kitini masikio hayafiki kwenye beringi. Basi ukachukua bisibisi yako, ukaikata shingo, ukachomelea katikati nondo ya urefu wa mkono wa mtu mzima, ili usikilize ukiwa umekaa. Aliitoa kabatini akanipa. Nimezoea kuishika ile fupi, hii iliniyumbisha. Niliweka ncha kwenye mashine iliyolala, mpini sikioni, na sikusikia kitu isipokuwa damu yangu.

Ulikuwa unakaa kitini kwa ajili ya maneno yangu, mimi nikiwa kule nafanya kazi ili usilazimike kukaa. Nimeigeuza hiyo kila upande. Hapo sina la kujitetea. Nisamehe, Mjomba. Nimeiandika mara nyingi kwenye karatasi nyingine, lakini niliiweka kila mara katikati ya kurasa sita za maelezo. Hapa inasimama peke yake.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa ukuta wako, maana hapa ndipo ninapotaka ufurahi.

Nilikaa nao siku tatu na futi, daftari na kamera ya kuazima. Niliporudi nilimwekea profesa mezani mikao ile yote na vipimo vyake. Akaipitia mmoja mmoja. Akauliza maabara gani imefanya kazi hii. Nikamwambia ni maabara ya mtu mmoja, kipimo chake kilikuwa oili chafu. Vitabu vyetu vya maktaba vilikuwa na watu wanaotembea, wanaopanda ngazi, wanaoinuka kitini. Watu wako hawakuwemo. Nikawaingiza mmoja mmoja. Faili la kwanza nililipa jina SHIJA, na profesa hulitamka vibaya mpaka leo, lakini hulitamka kwa heshima.

Haikuwa rahisi. Mimi na haraka zangu nilikuza gololi, maana gololi kubwa huiacha shingo mbali na ukingo. Plastiki ikawa nyembamba na kompyuta ikaiona imetoboka mapema. Nikapunguza shingo, ikavunjika. Nikaukata ukingo wote, gololi ikachomoka yule mama wa ukutani kwako alipopiga magoti. Niliua vikombe vingi, Mjomba, vyote humo ndani. Mwisho tukapata kimoja: gololi imekua kidogo tu, shingo imechongwa pale inapogonga, ukingo umeinamishwa upande wa mbele, na plastiki imeachwa nene mahali panapobeba mzigo. Tukakitengeneza kweli. Tukakifunga kwenye mtambo unaochuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, bila kupumzika, majira mazima. Kila asubuhi niliingia nikaweka bisibisi ya kawaida kwenye mtambo nikasikiliza, wenzangu wakicheka. Tulipokifungua ukingo ulikuwa mzima. Niliupitisha kidole mara tatu nisiamini.

Kibali cha kuwawekea watu wachache wa kwanza kimetoka, na daktari wa hukuhuku kwetu, kijana wa Kisukuma aliyesomea mifupa, ameomba mmoja wao awe wa huku. Ndiyo sababu nimekuja. Mgonjwa huyo anaitwa Nkwimba, mama kutoka Kimali, kule Meatu, anayelima na kufuga. Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Juzi tulikwenda kwake.

Sikumwuliza kama anakaa kitini. Kiti kilikuwepo, kipya, kimetolewa kwa ajili yetu na bado kina karatasi ya dukani. Nilimwambia tu, mama, tuonyeshe siku yako inavyokwenda, na daktari akachuchumaa chini kando yake na suruali yake safi. Akatuonyesha mahali pa moto, akatuonyesha kigoda cha kukamulia. Katikati ya hayo baba mkwe wake akaingia uani. Nkwimba akaachia gongo, akaanza kuteremka magotini kumsalimia, uso umemkunjika kwa maumivu, na mzee akamkataza kwa mkono, lakini Nkwimba akaendelea kuteremka hivyohivyo. Alipomaliza ilibidi tumwinue wawili. Kisha akaniuliza swali moja tu, bila aibu: "Nitaweza kumpigia mkwe magoti na kuinuka mwenyewe?"

Mjomba, macho yake yalikuwa yanaomba ndiyo. Nilikuelewa siku hiyo kuliko siku zote. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikamwambia kompyuta inasema utaweza, mtambo unasema utaweza, lakini hakuna mtu aliyewahi kuwekewa nyonga hii, wewe utakuwa miongoni mwa wa kwanza, na ikigonga mahali popote nataka uniambie, hata kama mimi nitahuzunika. Hasa kama nitahuzunika. Akafikiri. Akasema wabeja, yaani asante, kisha akasema nitakwambia. Namwamini.

Operesheni ni mwezi ujao. Sitakudanganya kwamba sina hofu. Lakini ni hofu ya fundi aliyekaza kila nati na sasa anaungojea mkono wa kuwasha, na hiyo uliniambia ni hofu nzuri.

Jambo la mwisho. Mwenye kiwanda amepaka ukuta wako rangi, njano na kijani, rangi za kampuni yake. Msimamizi alinijia anatweta kuniomba radhi, Mama Masalu alikuwa ameshamtia hofu. Nilikwenda kuutazama. Ukisimama mbali ni ukuta tu. Ukikaribia, oili imeanza kutoka chini ya rangi, na mabega ya yule mama aliyepiga magoti yanaonekana tena. Nilimwambia msimamizi asijisumbue. Watu wote wale wako salama, wanachuchumaa na kuinuka kila siku mahali ambapo rangi haifiki.

Jua limeshika zizi na Mama Masalu ananiita kula, nami lazima nifunge. Mjomba, pumzika. Acha mgongo wako ulegee sasa, hakuna daktari anayekuangalia. Nitakuja kila nikirudi nchini, nitakusalimia kwanza kabla ya kusema langu.

Na ahadi yangu ni hii. Bisibisi yako ndefu nimeiegemeza nyuma ya mlango wa Mama Masalu, na nimemwambia asimpe mtu. Siku Nkwimba atakapompigia mkwe wake magoti na kuinuka mwenyewe, nitakuja hapa na msumeno wa chuma. Nitaketi kando ya kaburi lako, nitaikata nondo pale pale ulipoichomelea pande zote mbili, na nitairudisha bisibisi urefu wake wa zamani. Halafu nitakwenda kwa Bi Mkubwa, nitachuchumaa, niweke sikio, na nitakwambia ninachosikia.

Shikamoo, Mjomba.

Mpwa wako,
Kabula